Chungu cha Maharage ya Kizungu

Jumatatu, 4 Juni 1973

Nimechambua maharage asubuhi nzima. Haya meupe madogo ya Lushoto yana mawe mengi kuliko barabara yenyewe inayojengwa. Mwenye duka anapima kilo pamoja na mawe yake, hana hata haya. Nimeyaloweka kwenye beseni. Kesho nitamwaga maji na kutia mengine. Maji ya kwanza ndiyo yenye gesi, na Wazungu nao wana matumbo.

Shomari kaamka jua limeshapanda, kauliza chai. Nimemwambia chai iko kwenye birika na mikono anayo. Kanuna. Tangu cherehani yake ife, kununa ndiyo kazi yake, na anaifanya kwa bidii. Mume wangu hajapata kushona kwa bidii hiyo.

Jumanne, 5 Juni

Leo nimepika. Niandike jinsi ninavyopika, maana kuna siku nitazeeka nisahau.

Mzungu mmoja, Mama Inga, ndiye aliyenianzisha. Mumewe ni injinia kambi ya barabara, Kerege. Alikuwa akinunua vitumbua vyangu pale njiani. Siku moja kaja na kopo la maharage, la mwisho, madukani hayaji tena. Kaniuliza kama naweza kuyatengeneza ya namna ile. Nikamuuliza kwanza: humu mna nguruwe? Akanisomea maandishi ya kopo neno kwa neno. Maharage, nyanya, sukari, chumvi, siki. Basi. Ndipo nikaonja. Matamu kama chakula cha mgonjwa.

Mara ya kwanza nilitia nyanya mapema, maharage yakagoma kuiva, yakabaki kama kokoto. Mara ya pili yakaiva mno, nikapata uji. Kisha nikamuuliza Mama Inga hayo ya kopo yanapikwaje. Kasema yanaokwa. Nikacheka. Kuoka tunajua sisi! Mkate wa kumimina unaokwaje? Basi nikayachemsha kwanza peke yake mpaka ganda linachubuka ukilipuliza. Nikayatia kwenye chungu na nyanya za kusaga, kitunguu, sukari guru, siki, karafuu mbili. Nikafunika mkungu, kifuniko cha udongo, nikapalia makaa juu, chini moto mdogo. Yakatoka mekundu, mazito, kila moja zima.

Sufuria haifai, inaunguza chini. Ni chungu tu. Nimefurahi leo. Sifurahi mara nyingi siku hizi.

Jumamosi, 9 Juni

Landrova ya kambi imekuja, imechukua ndoo nzima. Kambi nzima wanakula asubuhi, kasema Mama Inga, na mayai. Watoto wa mtaa wameshanibandika jina. Mama Maharage. Sina ubaya nalo, nimeitwa mabaya zaidi.

Jana Shomari alikula sahani tatu. Kila sahani alisema ni matamu mno, si chakula cha mwanamume. Kisha akaramba mwiko.

Leo karudi mapema kutoka barazani. Kumbe wenzake wanamwita Bwana Maharage. Walimuuliza kama mke anampa posho kwa wiki au kwa mwezi. Nilicheka mbele yake. Nilicheka sana. Ningejizuia, lakini sikujizuia.

Jumatano, 13 Juni

Kaja wifi Tatu, dada yake mkubwa Shomari. Nimemwamkia, kaitikia kwa pembe ya mdomo. Kakaa mkekani, macho jikoni. Nikampakulia sahani, mgeni ni mgeni. Hakuigusa.

Kasema, "Mimi si mtoto, mwanangu. Chakula cha Wazungu bila nguruwe kinakuwaje?"

Nikamweleza kopo, maandishi, kila kitu. Nikamwambia yaliyomo naweka kwa mkono wangu mwenyewe. Akasema Wazungu wanaficha, na anayepikia Wazungu atajifunza kuficha. Kaondoka, sahani kaiacha palepale imepoa.

Jioni nilikwenda kisimani. Wanawake wamevuta ndoo zao kando ya yangu. Mmoja alijisemea hewani: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Haya yote ni ya wifi Tatu, namchukia mwanamke yule. Namwandika hapa kwa kuwa siwezi kumwambia: wifi, nakuchukia.

Ijumaa, 15 Juni

Shomari kasema msikitini kuna mtu kasogea mbali naye kwenye safu. Huenda ni kweli, huenda ni joto. Wifi kaja nyuma yake, wamekaa wawili kama makadhi. Hukumu yao: chungu kioshwe mara saba, mara moja kwa udongo.

Nikasema chungu hiki hakijaona nguruwe wala kivuli chake. Shomari hakuniangalia. Akasema, "Wewe osha tu, Mwanahawa, watu wanyamaze."

Nikaosha. Uani, mchana kweupe. Ua wetu ni wa makuti yaliyochakaa, macho yalikuwa yanahesabu kila mara ninapomwaga maji. Nikafikiri nikimaliza mara ya saba midomo itafungwa. Mgongo unaniuma.

Jumamosi, 16 Juni

Mjinga mimi. Mjinga, mjinga.

Mji mzima sasa unauliza swali moja: kama hakukuwa na nguruwe, ameosha nini? Mara saba na udongo ni ya najisi kubwa. Hakuna mtu anayeosha hivyo kwa sababu ya maharage. Nimekiri kwa mikono yangu mwenyewe kosa ambalo sikulitenda. Asubuhi vitumbua vimerudi vyote, hakuna aliyenunua. Wa karibu kabisa, ambao nimewazalishia, wamepita upande wa pili.

Mama Inga peke yake kachukua ndoo yake. Kaniuliza mbona macho mekundu. Nikasema moshi.

Jumatatu, 18 Juni

Nilikuwa nimeshainjika. Makaa juu ya mkungu yameshika vizuri. Shomari kaja kutoka barazani, anatembea haraka, wifi nyuma yake. Mzee Ramadhani, jirani, alikuwa mlangoni kwake anapunga upepo, na Shomari kamwita makusudi aje asikie.

Akasema mbele yao, "Kuanzia leo, ukiinjika tena chungu kile motoni, umeachika. Talaka tatu."

Nilisimama na mwiko. Sikulia. Wifi alitazama chini, nafikiri hata yeye hakutarajia tatu. Mzee Ramadhani akasema, "Shomari, ulimi hauna mfupa," lakini neno lilishatoka. Nikaepua chungu. Maharage hayakuwa yameiva, nikawamwagia kuku.

Niandike ukweli, hakuna atakayesoma. Shomari haogopi nguruwe. Anajua mimi siwezi kula hata kuku asiyechinjwa kwa kibla. Alichokichukia ni kuitwa Bwana Maharage. Kikulacho ki nguoni mwako. Na kinachoniuma si talaka. Yeye ndiye mtu pekee ambaye angeweza kusimama barazani akasema: maharage yale nimeyala mimi, sahani tatu, hayana kitu. Neno moja la mwanamume lingetosha. Alikula, akafuta mdomo, akanyamaza.

Jumapili, 24 Juni

Jana Landrova ilikuja, nikairudisha tupu. Nikamwambia Mama Inga chungu kinaumwa. Ningemwelezaje Mzungu kwamba nikiweka chungu juu ya mafiga sina mume? Kasema atakuja tena Jumamosi, labda kitapona.

Unga umekwisha. Tumekula muhogo asubuhi, muhogo jioni. Shomari kauliza samaki. Nimemwambia samaki wako baharini. Kauliza sukari, nikamwambia iko dukani. Ananitazama kama mimi ndiye niliyeapa.

Alhamisi, 28 Juni

Shomari karudi anatabasamu. Siku nyingi sijayaona meno yake. Kabeba chungu kipya, kilichofinyangwa na wanawake wa Miono, kizuri, kimechomwa vyema.

Alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kuuliza kuhusu kiapo chake. Mwalimu kamuuliza: ulisema nini hasa? Kasema, nilisema chungu kile. Mwalimu kamwambia basi kiapo kimekaa kwenye chungu kile, hakikukaa kwenye maharage. Akipika kwa chungu kingine, ndoa iko palepale. Shomari anaona kapata hazina. Neno moja, kile, limemwokoa.

Mipango yake anayo. Nipike ndani, mlango umefungwa. Yeye ndiye atakayepeleka ndoo Kerege, yeye ndiye atakayepokea. Watu hawatajua.

Nikamuuliza, "Na nguruwe? Utawaambia hakukuwa na nguruwe?"

Kasema, "Hayo yatakufa yenyewe. Usiyachokonoe."

Nikamwambia kesho Ijumaa, watu wamejaa, baada ya sala asimame aseme. Dakika moja tu. Sitaki kingine. Nitapika ndani, atapeleka yeye, atapokea yeye, mradi aseme. Kasema ataona. Kisha kaonyesha chungu cha zamani pembeni, kasema nikivunje. Hata kuvunja kaniachia mimi.

Ijumaa, 29 Juni

Nimempigia kanzu pasi mwenyewe. Nimempaka na uturi.

Karudi. Nikamuuliza, ulisema? Kasema watu walikuwa na haraka.

Baadaye Mzee Ramadhani kanisimulia bila kuulizwa. Walikaa barazani mpaka alasiri, wakanywa kahawa. Mtu mmoja kamtania Shomari kuhusu maharage. Shomari kajibu kwamba amekwisha kunikomesha.

Nimeloweka maharage.

Jumamosi, 30 Juni

Nimesali, nimefagia uani. Nimewasha moto mapema. Chungu kile nimekifuta vumbi.

Mzee Ramadhani alikuwa nje. Nikamwambia shikamoo, kasema marahaba. Nikamwomba asogee uani kidogo atazame nilichoshika. Katazama.

"Bi Mwanahawa, hicho ndicho kile cha Jumatatu ile?"

"Ndicho."

"Unajua unachofanya?"

"Najua, mzee wangu. Naomba uwe shahidi."

Kavua kofia, kaivaa tena. Hakunizuia. Nikakiweka juu ya mafiga, nikatia maji.

Shomari alitoka na msuli kiunoni, usingizi bado usoni. Kaona moto, kaona chungu, kamwona mzee. Kaniita jina langu, la utotoni, ambalo hajaniita miaka mingi. Nikajitanda ushungi vizuri, maana sasa si mume wangu tena, ni mwanamume wa kando.

Kakaa kizingitini. Kisha kauliza, sasa yeye nani atampikia.

Nikamwambia chungu kipya kipo, bado hakijatumika.

Kaingia ndani. Maji yamechelewa kuchemka, kuni zina unyevu. Nimekaa kwenye kibao, napuliza.