Wali Chini ya Blanketi

Seoul, 7 Novemba 2011

Kwako mwanangu Tae-sik,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Hujambo? Mgongo je, na yale macho yanayowashwa na moto wa kuchomelea? Sisi hatujambo. Goti langu linauma vilevile, halijazidi wala halijapungua. Binti yako Sol-ah anasoma mpaka anasahau kula. Mwalimu wetu wa darasa la wazee ametaka kila mmoja aandike barua ndefu kwa mwanawe, na kwenye simu mimi sikusikii vizuri, kwa hiyo ndiyo hii. Ukiona herufi zimelala chali, ni zangu. Usimcheke mama yako.

Jumamosi ilikuwa tambiko la kila mwaka la marehemu baba yako. Hukuja. Nilikuwekea bakuli lako la wali chini ya blanketi, pale sakafu inapopata joto la makaa yanayowaka chini yake, kama ninavyokuwekea tangu ulipokuwa unachelewa kutoka shule. Kesho yake nikala mwenyewe.

Kwa vile Sol-ah ana masomo ya ziada jioni, niliandaa meza mapema, saa kumi alasiri. Baba yako anisamehe kwa kumwita mchana. Mjukuu wake akasujudu badala yako mbele ya picha. Ndipo wakatokea wale watu.

Wa kampuni ya Garamdo. Vizibao vya buluu, glavu mpya, madoa mawili mawili ya masizi mashavuni, wamekuja kujitolea. Walituletea makaa ya msimu wa baridi. Wakajipanga mstari kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu, watu ishirini, wanapokezana kipande kimoja kimoja kama wanapokezana mtoto mchanga. Mzee Pyo wa hapa mtaani na mkokoteni wake huimaliza kazi hiyo peke yake kabla supu haijachemka. Wa mwisho wakafika mlangoni, wakaiona meza, wakaiona picha ya baba yako na Sol-ah kapiga magoti. Binti mmoja anayeitwa Yang akavua kofia akaanza kulia. Mwenye kamera akapiga picha.

Hakuna aliyeuliza chochote. Najua, mbele ya meza ya marehemu mtu haulizi. Lakini mtu anayelia nyumbani kwangu na hanijui, mimi simwamini. Anataka kitu. Walipoondoka nilikagua sufuria zote, sikukuta iliyopungua, na hilo ndilo limenizidishia wasiwasi.

Mama yako


Geoje, 14 Novemba 2011

Mama, shikamoo.

Natumai goti limetulia na darasani hujawa mtundu. Mimi mzima. Barua yako nimeisoma mara mbili, herufi zako hazijalala, zimekaa tu kuvuta pumzi.

Nisamehe kwa tambiko. Meli ilikuwa inakabidhiwa, msimamizi akatufutia mapumziko wote. Niliumia, mama. Baba alifariki akiwa na miaka thelathini na minne, mimi nina arobaini na sita, na kila aliyewahi kuiona ile picha husema ni mimi. Siku hizi nikimkumbuka namwona kama mdogo wangu, nataka nimuulize kama amekula.

Kuhusu Garamdo, makaa ni makaa, usiwafukuze. Ndio wenye kiwanda hiki cha meli, ingawa mimi sihesabiwi mtu wao. Ovaroli yangu ina jina la mkandarasi, na kantini tunakula zamu ya pili, wao wakishamaliza. Kama wanataka kulia kwako, waache walie. Na kama wanaweza kumsaidia Sol-ah aingie chuo cha uuguzi, wachomee na viazi vitamu.

Mwanao Tae-sik


Seoul, 8 Desemba 2011

Mwanangu,

Hujambo? Baridi ya huko baharini ikoje? Sisi wazima. Chuo cha uuguzi kimempokea Sol-ah, na Garamdo wamemchagua katika ufadhili wao wa watoto wasiojiweza. Watamsomesha miaka yote minne. Tarehe 2 Februari kuna hafla kubwa, yeye atasoma hotuba ya shukrani mbele ya wakubwa.

Nilimuuliza yule binti Yang waziwazi, "Mnataka nini kwetu?" Akacheka, "Bibi, hatutaki kitu, tunataka Sol-ah afurahi." Basi.

Jambo jingine. Sikukuu ya Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, hii ya mwishoni mwa Januari, usijisumbue kuja. Barabara zitakuwa na barafu, na mgongo wako huo. Pumzika hukohuko.

Mama yako


Geoje, 15 Desemba 2011

Mama, shikamoo.

Nimefurahi kwa ajili ya Sol-ah mpaka nimewanunulia wenzangu wa karakana pombe ya soju. Lakini barua yako imenitia shaka.

Tangu nizaliwe hujawahi kuniambia nisije Mwaka Mpya. Mwaka ule theluji ilipofunga barabara ulinipigia simu ukasema nishuke nitembee kwa miguu. Leo unanihurumia mgongo? Unaumwa unanificha? Mama yake Sol-ah amerudi, mnaona haya kuniambia? Nimempigia Sol-ah mara tatu, mara yuko maktaba, mara chaji imekwisha. Mtoto yule hajui kudanganya, anaongea haraka haraka.

Likizo nimeshaomba. Niambie kuna nini.

Mwanao


Geoje, 28 Desemba 2011

Mama,

Hukunijibu. Sasa najua kwa nini.

Leo wamebandika kantini kalenda mpya ya Garamdo. Tulikuwa zamu yetu ya pili, nimeshika sinia, Bong-cheol akaanza kuzifunua kurasa aone sikukuu zinaangukia siku gani. Alipofika Novemba akasita. Anamjua Sol-ah, picha yake nimeibandika kwenye kabati langu la nguo. Kwenye kalenda yumo yeye, kapiga magoti mbele ya picha ya baba. Chini wameandika: "Sol-ah, msichana wa miaka kumi na minane, analelewa na bibi yake tangu baba yake alipofariki. Leo Garamdo ndiyo baba yake."

Wenzangu wakakusanyika. Msimamizi Gu akasema, "Kumbe marehemu naye huongezwa supu?" Watu wakacheka. Halafu wakaniona uso, wakarudi kwenye sahani zao.

Wale vijana waliona picha ya mtu mwenye sura yangu wakadhani ndiye mimi. Hilo naelewa, wala siwalaumu kwa kutouliza. Lakini nyinyi mlijua wamekosea, mama. Ndiyo maana hamnitaki Mwaka Mpya. Niambie kwa mkono wako mwenyewe: uliwaacha waniue?

Tae-sik


Seoul, 3 Januari 2012

Mwanangu Tae-sik,

Sijui nikusalimie vipi, lakini hujambo? Unakula?

Ndiyo. Niliwaacha.

Sol-ah alirudi siku moja na hotuba waliyomwandikia. Ilianza, "Marehemu baba yangu aliniachia ndoto moja." Akatupa mkoba chini, akataka awapigie simu papo hapo. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Nilijiambia hakuna aliyezikwa, ni maneno ya hafla moja, yataisha na makofi, na mtoto atakuwa muuguzi badala ya kwenda kufunga maboksi kiwandani kama mimi. Nikakuandikia ile barua ya barafu, usije ukaonekana hai kabla ya hafla.

Barua yako ya kalenda ilipofika niliteremka mpaka ofisini kwao, na goti langu hilihili. Nikamwambia Yang, "Binti, yule pichani ni mume wangu, alikufa kijana. Mwanangu yu hai, anachomelea meli zenu." Akapauka. Akaenda kuzungumza na wakubwa wake, nikangoja mpaka chai ikapoa. Aliporudi alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile sikulipenda.

"Bibi," akasema, "kalenda zimeshasambazwa nchi nzima. Tuache hivyohivyo mpaka hafla ipite. Ufadhili wa Sol-ah uko palepale. Ila baba asionekane tu, hasa sikukuu hii, maana tutakuja na kamera."

"Kwa hiyo mnajua kuwa yu hai na mnataka abaki amekufa?"

"Ni kwa muda tu, Bibi."

Tangu Novemba nilikuwa natafuta walichokuja kuchukua. Nilikagua sufuria, nikakagua kabati, nikaficha hata hati ya nyumba kwenye pipa la mchele. Kumbe walikuwa wamekuchukua wewe, na mimi ndiye niliyewafungulia mlango.

Sema neno lako. Ukisema nikatae, nakataa leo.

Mama yako


Geoje, 9 Januari 2012

Mama, shikamoo.

Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nilikuwa ndani ya tumbo la meli, nachomelea, nikawaza kwamba ningekuwa mimi ningefanya ulivyofanya.

Usikatae. Acha Sol-ah aisome hotuba yao. Mimi nimezoea kuvaa ovaroli yenye jina lisilo langu, nitazoea na hili. Mwaka Mpya siji, nimerudisha likizo. Baada ya Februari nitakuja kimyakimya, Jumapili ya kawaida.

Ila naomba jambo moja. Kama watataka kupiga picha tena, Sol-ah asilie. Mwambie baba yake kasema hivyo. Naumia sana, mama, lakini akiwa muuguzi nitapona.

Mwanao


Seoul, 17 Januari 2012

Kwako mwanangu Tae-sik,

Marahaba. Hujambo mwanangu? Mimi sijambo, na leo naandika bila miwani maana mkono unakwenda wenyewe.

Jumamosi walikuja. Watu tisa, vizibao vyao, kamera mbili, maboksi ya vikate vya mchele vya sikukuu. Yang akaniomba niandae meza ya tambiko kama ile ya Novemba.

"Tambiko lina siku yake," nikamwambia. "Marehemu haitwi kwa ajili ya kamera."

"Basi picha tu, Bibi, tuiweke hapo, na Sol-ah apige magoti kidogo."

Sikufichi, niliinuka kwenda kuleta picha. Uliniambia nikubali, nami nilikuwa nimekubali. Nilikuwa nimeshafungua kabati, Sol-ah akaniwahi. Hakuja kabatini. Alikwenda kwenye kona ya sakafu ya moto akafunua blanketi.

Jambo hili sikukwambia. Tangu ile barua yako ya kalenda, nakuwekea wali wako kila siku. Asubuhi naweka, jioni naula. Nilikuwa naona haya kuandika.

Sol-ah akalitoa bakuli kwa mikono miwili, akamsogezea Yang. "Dada, shika."

Yang akashika. "La moto," akasema. "La nani?"

"La baba. Wali wa marehemu tunauweka mezani, unapoa mbele ya picha. Huu ni wa mtu ambaye bado anarudi. Yule pichani ni babu yangu, na nyinyi mnajua tangu wiki mbili zilizopita. Kama mnataka kupiga, pigeni bakuli hili."

Hakulia, mwanangu. Alisimama wima kama wewe ulivyosimama ulipofukuzwa kazi ile ya kwanza. Hakuna aliyepiga picha. Mkubwa wao mmoja akatazama saa, akasema wana nyumba nyingine za kutembelea. Yang akabaki nyuma kavaa kiatu kimoja, ameshika kingine, machozi yanamtoka. Safari hii sikujua niyashuku au niyaache. Nikampa viazi vitamu viwili, akaondoka navyo.

Jana walipiga simu. Jina la Sol-ah "linaangaliwa upya", na kwenye hafla amewekwa mtoto mwingine. Labda watalirudisha, labda hawatalirudisha. Nimemuuliza Sol-ah kama anajuta. Amesema chuo kinamngoja mpaka mwisho wa Februari, atakwenda kuuliza ufadhili wa serikali, na ukikosekana ataanza kwa kufagia wodi, mwaka kesho ajaribu tena. Usiku alilia kidogo chini ya shuka, nilimsikia, ingawa kwenye simu sisikii. Mimi nami nililia. Hilo limepita. Makaa yao yamebaki, nayachoma bila aibu, na vile vikate nimevikata kimoja kimoja nione ndani kuna nini kabla ya kumpa mtoto.

Sasa sikiliza. Jumatatu ndiyo Mwaka Mpya. Nenda kwa huyo Gu, mwambie marehemu anaomba likizo. Barabara ikiwa na barafu, shuka utembee. Picha ya baba yako nimeifuta vumbi, mwaka huu utasujudu mwenyewe, na mwanao nyuma yako.

Ukichelewa usibishe hodi, mlango hautakuwa na komeo. Tutakuwa tumekaa na Sol-ah tunakungoja. Ingia, vua viatu, funua blanketi, ule.

Mama yako