Uyoga Usiochanua

Jumatatu, 4 Februari 1963. Dzamandzar

Mvua usiku kucha. Asubuhi nikajua, leo uyoga umetoka! Sikukosea. Nyuma ya kiwanda, kwenye malundo ya makapi ya miwa, umejaa tele — ila wenzangu walishanitangulia. Wamebakiza ule uliochanua tu. Huo ni wa kula leo leo, haukaushiki. Mimi nautaka uliofumba. Mama alinifundisha hivyo: wa kumpelekea mzazi ni ule ambao haujachanua, ndio unaoleta maziwa. Kumpelekea mkwe uliochanua ni kama kumtukana mlangoni kwake.

Nikazunguka mpaka kwenye nyasi, pale wanapofungwa ng'ombe. Mungu mkubwa! Mweupe, mnene, umefumba kama mayai. Hakuna aliyeugusa. Wajinga hawa, nikasema, wanagombania makapi na mali iko hapa. Kikapu kimejaa mpaka nimefunga na kanga.

Wote ni wa binti yangu Charifa. Amejifungua mtoto wa kike huko Mahajanga, nami sijamtia machoni. Kwetu binti huja kuzaa kwa mama yake. Lakini Kouraichia, mavyaa wake, alikataa — mjukuu wa kwanza wa mumewe Soulé azaliwe kwao, mtaa wa Tsaramandroso, basi. Yule mama alitaka mwanawe aoe Mngazija mwenzao. Akaletewa binti yangu, na mpaka leo hajalimeza. Haya. Akifungua kifurushi changu aone kwamba na sisi ni watu.


Jumatano, 6 Februari

Jiko zima linanukia. Nimeuchemsha kidogo kwa chumvi, nikaupasua katikati — ndani mweupe pe — nikautunga kwenye kamba na kuuning'iniza juu ya moto wa kuni za mwembe. Moshi, si mwali. Mwali unauunguza. Unakauka vizuri, unalia kakaka ukiugusa.

Mwenyewe sikuuonja. Nimefunga, na hata baada ya futari nilikula ule uliochanua wa kwenye makapi, kwa tui la nazi. Uliofumba hauliwi ovyo humu ndani. Nimezeeka na adabu zangu.

Hapa sina wa kuzungumza naye Kiswahili hiki tangu baba afariki. Majirani ni Kimalagasi na Kingazija, ofisini Kifaransa. Basi nazungumza na karatasi. Nayo hainijibu jeuri.


Alhamisi, 7 Februari

Kifurushi kimeondoka! Nimempa Allaoui, mpishi wa meli ya pwani, ameniapia atakifikisha mkononi kwa Kouraichia. Uyoga nimeufunga kwa kitambaa cheupe nilichokishona pindo mwenyewe.

Ulibaki kidogo ambao haukuenea kwenye kamba. Nimempelekea jirani yangu Hachimia sahani kabla ya magharibi, kama kawaida ya mwezi huu, sahani moja inatoka na nyingine inaingia. Yeye kaniletea mkate wa kumimina. Hakutia sukari ya kutosha — na kiwanda cha sukari kiko nyuma ya nyumba yake!


Ijumaa, 8 Februari

Boinali, mume wa Hachimia, mahututi.

Nianze mwanzo. Jana alifuturu salama, akaenda tarawehe, akarudi katikati ya sala ameshika tumbo. Ametapika mpaka kulipokucha. Mwisho ikawa damu. Hachimia yeye hakula kitu, kichwa kilikuwa kinamuuma, akanywa uji tu. Wakasema ni njaa ya saumu, amekula kwa pupa. Nami nikasema hivyo hivyo. Boinali anajulikana kwa pupa.

Wamempeleka hospitali. Nikaenda na Hachimia kumshika mkono. Dokta akauliza, alikula nini? Hachimia akajibu: wali na samaki. Uyoga hakuutaja. Labda amesahau. Labda ananistahi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni. Nami sikuutaja.

Dokta akasema ni mwili wake mkubwa ndio umemsaidia. Angekuwa mtoto, au mtu dhaifu — akatikisa kichwa.

Kutoka hospitali nilikwenda moja kwa moja kwenye zile nyasi. Sijui kwa nini. Najua kwa nini. Mmoja mmoja niliouacha siku ile sasa umechanua. Nikauinamia, nikaugeuza.

Chini ni kijani.

Si kijani cha uchafu wala cha ukungu. Kijani kibichi, mapezi yote chini ya kofia. Nikang'oa mwingine. Kijani. Wa tatu. Kijani! Mama mmoja wa Kisakalava alikuwa anafungua ng'ombe wake, akanipigia kelele niutupe, ninawe mikono. Huo, anasema, watu wote wanaujua — ukichanua tu unajionyesha, hakuna anayeugusa.

Ukichanua. Na mimi nimechuma uliofumba. Mama yangu na mama yake na mimi, wote tunachuma uliofumba, kwa heshima! Lakini wao walichuma kwenye makapi. Aliyekwenda kwenye nyasi ni mimi, kwa uroho.

Mzazi wa wiki mbili si mtu dhaifu? Ni nani dhaifu kuliko mzazi?


Jumamosi, 9 Februari

Meli imeshafika Mahajanga, au inafika leo. Nimekwenda posta kupiga telegramu.

Kijana wa posta akaniuliza aandike nini, Kifaransa au Kimalagasi. Nyuma yangu foleni, na karibu yangu kabisa alikuwa Chaehoi, mke wa mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa. Neno lilikuwa kwenye ulimi. Sumu. Lakini huku ukisema sumu hakuna anayefikiria jiko. Wanafikiria uchawi. Mpamosavy, mchawi! Mama wa mke kamtilia mavyaa sumu — wangeimba mpaka nje ya kisiwa. Na Charifa angerudishwa kwangu na talaka yake, mtoto abaki kwao.

Nikasema, andika: zawadi msiipike mpaka nije. Mama.

Akaandika. Chaehoi akatabasamu, akasema maskini, unataka kumpikia mwanao mwenyewe. Nikasema ndiyo. Ndiyo!

Boinali bado hai. Nimemuombea kuliko nilivyomuombea marehemu mume wangu, Mungu anisamehe.


Jumapili, 10 Februari. Ankify

Meli ya pwani hairudi karibuni. Ndege imejaa. Nimevuka kwa boti hadi huku bara, nangoja lori. Mvua. Nikifumba macho naona kijani.

Hachimia alinisindikiza hadi botini. Akanikumbatia, akanishukuru kwa kumshikia mkono hospitali. Sikuweza kumtazama usoni.


Jumanne, 12 Februari. Njiani

Lori limezama kwenye matope, sote tumeshuka kusukuma, wazee kwa vijana. Mto umefurika, kivuko hakivuki. Dereva anasema subira. Nimemwambia maneno ambayo mwanamke aliyefunga hasemi. Abiria wakacheka, wakadhani nina haraka ya kumwona mjukuu.

Nina haraka ya kumwona mjukuu! Namuona akiwa analia pembeni ya mama aliyelala kimya. Nilipiga yowe nikaamka. Ilikuwa mchana kweupe.

Wamesoma telegramu au hawajasoma? Kouraichia ni mtu wa kutii telegramu ya mkwe? Nimeshajibu swali hili ndiyo na hapana mpaka kichwa kinauma.


Alhamisi, 14 Februari. Mahajanga, Tsaramandroso

Hai! Nimemkuta hai! Amekaa kitandani nyuma ya pazia, amenenepa mashavu, mtoto yuko ziwani. Nikaanguka miguuni pake nikalia kama kichaa. Anashangaa. Mama, kuna nini, kwani umefiwa?

Nikauliza kwanza kifurushi. Akasema telegramu ilifika, na hawakupika. Kouraichia alifurahi sana, tena akawasimulia watu: mkwe wangu anakuja mwenyewe kumpikia mzazi, nyumba gani nyingine imepata heshima hiyo? Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nikamuomba msamaha Kouraichia moyoni kwa yote niliyomsema.

Kisha Charifa akamalizia. Mavyaa wake alingoja, akangoja, sikutokea. Na leo ni Alhamisi, jioni usiku wa Ijumaa, tena Ramadhani. Zawadi kulala ndani ya nyumba bila jirani kuionja, kwao hawajui. Asubuhi ameugawa. Mkavu hivyo hivyo, kila nyumba fungu lake, wapike wenyewe kwa futari. Na kila mlangoni ametaja jina langu.

Sijui nilivaaje viatu. Nilitoka na majina niliyopewa na Charifa, nikaenda mlango kwa mlango. Nikawaambia umeingia fukusi, nimeona aibu, naomba nirudishiwe. Uongo mtupu, saumu yangu nayo imekwenda na maji. Mmoja alinirudishia akicheka. Mmoja alisema fukusi si dhambi, angeupepeta. Mama Mroivili, kikongwe wa nyumba ya pembeni, alinirudishia, ila alinitazama muda mrefu mno, na nilipogeuka nilimsikia akifunga komeo. Tayari wameanza kufikiri.

Lakini nimeupata! Nyumba zote. Nimeutumbukiza chooni, nikamwagia maji mpaka ndoo ikaisha. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu Dzamandzar.


Siku hiyo hiyo, kabla ya magharibi

Naandika nyuma ya pazia kwa Charifa. Herufi zinapanda milima.

Nilirudi nikamkuta amelala, nikajinyoosha kwenye mkeka. Ndipo harufu ikaja kutoka jikoni. Moshi wa mwembe, chumvi, uyoga. Mwanzoni nilidhani ni nguo zangu.

Fungu lake mwenyewe, Kouraichia hakuligawa! Nani agawe mpaka fungu lake? Nilizunguka mtaa mzima, nyumba hii sikuiuliza.

Nimechungulia. Yuko uani na wanawake watatu wa jirani, wanakuna nazi, chungu kiko mafigani. Anawaambia kwamba kama kuna fukusi yeye hakumwona, mkwe anajishusha tu kwa adabu. Bakuli la kwanza ni langu, anasema, mgeni hafuturu kwa mkono mtupu. Mama huyu ananitetea! Mbele za watu! Na mimi nimesimama nyuma ya mlango.

Nilijiambia: tulia. Adhana bado. Hakuna atakayeweka kitu kinywani kabla ya adhana, wote wamefunga. Una muda wa kumvuta pembeni, umwambie taratibu, bila watu.

Nikarudi kukaa ili nipange maneno. Charifa akaamka. Akanusa, akacheka. Mchuzi wako mtamu, Mama, akasema, ila nilimwambia Koko aongeze chumvi. Koko ndivyo anavyomwita mavyaa wake.

Nikauliza umejuaje.

Akanishangaa. Nani mwingine ataonja? Wote wamefunga, yeye mzazi hafungi. Tangu mwezi uandame kila chungu cha nyumba hii kinapita kwake kwanza, wameshampa jina, Kijiko. Leo Koko alimletea kikombe kizima, kwa kuwa ni wa kwao na unaleta maziwa. Ameumaliza.

Saa ngapi? Alasiri, akasema. Kabla hujarudi.

Nimemtoa mtoto ziwani. Analia. Nimemwambia Charifa ajitapishe, anadhani natania, anauliza kwa nini, nami namwambia fanya tu, fanya tu mwanangu. Mdomo haupiti hapo. Woga gani huu, Mungu wangu, wa kuogopa maneno ya watu kuliko kaburi la mwanao? Najichukia. Najichukia na bado nimekaa.

Sentensi yenyewe ni fupi. Naiandika hapa ili ulimi uifuate. Mkwe, uyoga wangu ni sumu, mwaga hicho chungu, tumpeleke Charifa hospitali.

Nimeisoma. Sasa kuisema.

Kouraichia amekuja kwenye pazia na upawa mkononi. Anauliza mtoto analilia nini, mbona hapewi ziwa? Wale wanawake uani wameacha kukuna nazi, wanasikiliza. Nimefungua mdomo. Charifa amenitangulia. Ameinama, ameshika tumbo, anasema si kitu, Koko, ni tumbo la uzazi tu linanisokota.

Basi anywe tena mchuzi wa moto, anasema Kouraichia, ndiyo dawa yake. Na ameshageuka kwenda kumchotea —