Mabuti ya Mwenyekiti

Baba,

Shikamoo. Marahaba najiitikia mwenyewe siku hizi, nikipita hapo kwenye migomba ulipolala. Mama akinisikia anatikisa kichwa tu.

Nyumbani hatujambo. Kahawa imechanua vizuri, goti linamsumbua Mama lakini kanisani haachi kwenda, na yule ng'ombe wako mkorofi bado ananipiga mateke. Lakini najua huko uliko unachouliza ni mfereji, kwa hiyo nianze na huo.

Baada ya kukuzika, watu walimchagua Aminieli awe mwenyekiti wa mfereji mahali pako. Ndiyo, huyo huyo mtoto wa jirani anayekaa Njiro, kule Arusha mjini. Tulimchagua kwa mdomo wake, nisikufiche, hata mimi nilinyoosha mkono. Basi, akawa anaamua ugomvi wa maji kwa simu. Anamsikiliza aliyewahi kumpigia, anatoa hukumu, anakata. Wewe ungesema, "Ngoja nikaone," ukavaa mabuti yako, na sisi tungejua chakula cha mchana kitapoa.

Kiangazi hiki akapigiwa simu kwamba Mama Neema, yule mjane wa mwisho wa mfereji, anaiba maji kwenye zamu za wenzake. Kweli, pembe moja ya shamba lake ilikuwa imelowa. Aminieli akamfutia zamu hapo hapo. Baba, maharage yake yalikauka yakiwa bado na maua. Mama Neema hakugombana na mtu, aliacha tu kusalimia watu, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikaupanda mfereji kwa miguu kama ulivyokuwa ukifanya. Juu kidogo ya kwake nikakuta fuko ametoboa ukingo, maji yanapita chini ya ardhi na kutokea kwenye pembe ile. Wala hakukuwa na mwizi. Nilikaa pale nikalia, sijui nilimlilia Mama Neema au nilikulilia wewe.

Siku ya msaragambo wa kusafisha mfereji, watu wote wakiwa na majembe yao, nikawapeleka kwenye tundu lile. Maneno yakaanza. Wakasema Aminieli aondoke, nishike mimi, kwa kuwa mimi ni damu yako. Na kusema kweli nilitaka, Baba, nilitaka sana. Nilishajiona nimesimama kwenye banio, pale maji yanapoingilia, nagawa zamu kwa sauti yako.

Halafu Aminieli akavua viatu vyake vya mjini, akavuka tope, akasimama mbele ya Mama Neema, watu wote wakisikia. "Mama, nimekosea. Niliamua kitu ambacho sikukiona. Zamu ya kwetu wiki hii ni yako." Akachukua jembe akaanza kuziba.

Mimi nikakukumbuka wewe, na usinikasirikie kwa hili. Miaka yote ile sikuwahi kukusikia ukisema umekosea. Labda hukukosea kweli, au labda sisi tuliogopa kukuambia. Na hukuwahi kuongozana na mtu. Ulikwenda peke yako, ukarudi na jibu, na jibu lilikuwa la haki. Tulikupenda kwa hilo, nami nakupenda bado. Ila ulipoondoka, hakuna aliyejua mfereji unavujia wapi. Hata mabuti yako hukumwazima mtu, mvua inyeshe vipi.

Nikawaambia wamwache. Kukagua mfereji mtu anafundishika. Kumwambia mjane nimekosea, mbele ya watu waliomchagua, hilo sijui linafundishwa wapi. Walinung'unika, wakakubali. Mama Neema amepanda upya, na Jumapili kanisani alinishika mkono akaniuliza habari za nyumbani.

Nimeahidi mbele yao, na sasa nakuahidi na wewe: tutaupanda mfereji pamoja, mimi na Aminieli na yeyote anayetaka kujua. Na nikikosea nitasema, hata kama sauti itatetemeka.

Mabuti yako nimempa Aminieli. Yanampwaya, anavaa soksi mbili, moja juu ya nyingine. Ungemwona ungecheka mpaka ukohoe. Kesho asubuhi tunaanzia chini, kwa Mama Neema, tunapandisha mpaka kwenye banio.

Pumzika, Baba. Ukisikia mabuti yako yakipita hapo kwenye ukingo, usiinuke. Ni sisi, tunakwenda kuona.

Mwanao,
Anande