Kikaango cha Bi Ardelle

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimeosha kikaango cha Bi Ardelle kwa sabuni! Kilinuka kambale, nami nilikuwa na haraka. Mafuta ya miaka arobaini yaliyogandia chumani, ambayo ndiyo huzuia chakula kunata, yametoka na povu — chuma kimebaki kijivu. Nikakipaka mafuta ya nguruwe, nikakirudisha msumarini. Hakuna aliyeniona.

Saa kumi jioni: kimya. Tangu tumzike Bi Ardelle mwezi Machi, kila saa kumi kikaango kilijigonga chenyewe mara tatu, kama alivyokigonga yeye kwa kijiko mkate wa mahindi ulipoiva, ili bendi ianze. Leo hakikugonga. Mumewe, Bwana Hollis, alikaa na gitaa lake la kulaza mapajani, akingoja. Watalii mkahawani kwetu wakapiga miluzi — wamekuja Nashville kusikia muziki wa kantri, wakaambulia mzee aliyenyamaza.

Jumanne, 8 Oktoba
Kimya tena. Mkate uling'ang'ania kikaangoni, nikaukwangua vipande vipande. Hollis akauonja, akautema. Akauliza nani kamfukuza mke wake. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Alhamisi, 10 Oktoba
Hollis amekiona kikaango. Akamwita Verlene, mwosha vyombo wetu miaka kumi na tisa.

"Umetia sabuni?"

"Mimi? Mama kanizaa Alabama, Hollis, si mwezini! Nani asiyejua chuma hakiogeshwi?"

Wapishi wakacheka. Hollis hakucheka. Amempa hadi Jumamosi akiri, la sivyo aende zake. Mimi nilikuwa nachambua sukuma wiki. Nikaendelea kuchambua.

Baadaye Verlene akanijia: "Nadine, mwanangu, wewe unaniamini?"

Nikasema ndiyo. Mikono yangu ingali inanuka sabuni — siku ya nne!

Ijumaa, 11 Oktoba
Nimekipaka mafuta na kukioka mara sita. Kimeanza kuwa cheusi. Kimya bado. Kesho nitakiri.

Jumamosi, 12 Oktoba
Sikukiri. Ilipotimia saa kumi nilikuwa peke yangu jikoni. Nikatwaa kijiko cha Bi Ardelle, nikagonga kikaango. Moja, mbili, tatu. Kule ukumbini gitaa likalia! Watu wakapiga kelele kwamba bibi karudi. Nikachungulia: Verlene alikuwa mlango wa mbele, koti mwilini, tayari kwenda zake. Akalivua, huku analia na kucheka. Nikajiambia yamekwisha. Nikatia kijiko mfukoni mwa aproni, nikabeba sahani za kuku, nikatoka ukumbini.

Wimbo haujafika nusu, kikaango kikagonga. Jikoni hamna mtu. Mara tatu — polepole, kama yeye.

Hollis akaondoa mikono kwenye nyuzi.

"Huyo ndiye Ardelle," akasema. "Sasa yule wa kwanza alikuwa nani?"

Verlene akanitazama. Si usoni — mfukoni.

Nimejifungia stoo, naandika haya juu ya gunia la unga. Huko ukumbini hakuna anayepiga muziki. Verlene yuko nje ya mlango, anaongea chini chini:

"Nadine, mwanangu, fungua. Kaseme wewe. Usiniache niseme mimi."