Nimemsalimia Mama Mkwe Nikiwa Nimesimama

Jumapili jioni, Manibe. Mvua inanyesha tangu tutoke Koboko, na moyo wangu umejaa. Naandika nikiwa nimelala chali, magoti juu ya mto, maana kukaa siwezi.

Wiki iliyopita daktari mmoja wa Arua alinionyesha picha ya mgongo wangu. Kumbe kati ya mifupa kuna vitu laini kama mito midogo ya kulalia, ndizo diski. Moja ya chini, usawa wa kiuno, imetokeza kama tyubu ya baiskeli kwenye tairi lililochakaa, nayo inabana mshipa wa fahamu. Ndiyo maana maumivu yanashuka mguu wa kushoto mpaka vidoleni. Akasema wengi hupona bila kupasuliwa, kwa mazoezi na subira, ila kwa sasa nisiiname wala nisibebe mizigo. Nililia kwa kushukuru. Miezi yote hiyo ya maumivu nilidhani nimerogwa.

Mume wangu alikuwepo. Alisikia yote.

Leo tumekwenda Lurujo, huko Koboko, kwa mama yake. Kwetu mwanamke hamsalimii mkwe akiwa wima, lazima apige magoti. Nilijaribu, wallahi. Nilipofika nusu, kiuno kikawaka moto, nikanyooka. Nikatoa mkono nikiwa nimesimama, mawifi wote wananitazama.

Mama mkwe hakuupokea. Akamgeukia mwanawe: "Bibi yako iko na kiburi ya mji sasa."

Nikamwangalia mume wangu, nikisubiri aseme. Akacheka kidogo. "Mama, achana na yeye. Watu ya mji iko hivyo."

Watu wa mji! Mimi ninayelima muhogo huku Manibe!

Njiani nilimuuliza kwa nini hakuwaambia kwamba naumwa. Akasema, "Kiburi wanasamehe. Wakijua hauwezi lima, watanitafutia bibi mwingine."

Alisema kwa upole, na hapo ndipo iliponiuma zaidi. Huenda alitaka kunilinda. Au ni yeye anayeona haya kuwa na mke mgonjwa? Sijui, na ninaogopa kumuuliza tena.

Ila nimeamua. Tukirudi Lurujo nitakwenda na ile picha, nimweleze mama mkwe kwa mdomo wangu. Akitaka kumtafutia mwanawe mke mwingine, atafute akiwa anajua ukweli.