Jina Ulilokataa Kulitamka

Mama Marko,

Ni miezi minne tangu tukuzike hapa Tumati, na jana nilifungua tena daftari letu. Lile la jalada la kijani, tulilolijaza maneno ya Kiingereza yasiyotumika sana, hasa yale yanayosikika sawa ilhali maana zake ziko mbali. Mimi mwalimu niliyachota kwenye kamusi. Wewe uliyeishia darasa la nne ndiye uliyepima kama maana niliyoandika inaeleweka. Nilipokusomea kwamba weather ni hali ya hewa, na wether ni kondoo dume aliyehasiwa, ulisema, "Hilo la pili lina akili. La kwanza hata mjinga anatazama juu."

Na barrow, unalikumbuka? Niliandika maana mbili: toroli, na kilima cha udongo kilichoinuliwa juu ya kaburi la mtu mkubwa. Ukashangaa, "Kumbe Wazungu nao wana bung'eda!" Kisha ukalifunga daftari. Bung'eda ya baba yangu, iliyojengwa na ukoo mzima kule tambarare za Hanang, ililimwa na matrekta ya shamba kubwa mwaka ule tulipofukuzwa. Wakapanda ngano juu yake. Mpaka leo mkate naula kwa shida.

Kulikuwa na kurasa za majina pia. Catherine na Katherine, Stephen na Steven. "Watu hawa wana watoto wengi kuliko majina," ulisema. Lakini kila nilipokaribia neno lililofanana na jina la baba yangu, uliweka kiganja juu ya ukurasa. "Ruka hilo, Baba Marko." Mke wa kwetu hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno linalosikika kama jina hilo. Neno la mvua katika lugha yetu lilifanana na jina hilo, kwa hiyo maisha yako yote ya ndoa mvua uliziita "zile za juu," hata ulipozungumza Kiswahili. Majirani hapa walikucheka. Ulicheka nao, na hukubadilika.

Sasa nikueleze nilichokufanyia.

Marko alipiga simu kutoka Babati. "Shikamoo, baba. Fundi wa jiwe anataka majina matatu ya mama." Nikayataja, moja, mbili, tatu, kama mwalimu anayeita mahudhurio. La tatu lilikuwa la baba yangu, jina letu la ukoo. Nimejaza fomu maisha yangu yote, na fomu hutaka majina matatu. Sikusita. Ukweli ni kwamba nilifurahi: hatimaye baba naye amepata jiwe.

Juma lililopita dada yako alipanda kutoka Hanang. Hajui kusoma. Alipitisha vidole kwenye herufi, akauliza zinasemaje. Nikamsomea. Akafunika mdomo kwa shuka.

"Shemeji, mmemlaza chini ya jina hilo? Umesoma mpaka umekuwa mjinga."

Hakula kwangu. Alirudi siku ileile.

Nilimwambia Marko jina litoke. Akasema, "Baba, hayo ya zamani yaache. Wajukuu watajuaje bibi yao alikuwa mke wa nani?" Nilimkaripia, kisha nikakaa chini, kwa sababu kuna kitu anakisema bila kukijua. Hakuna mahali pengine duniani jina la baba yangu limechongwa. Nikilifuta, ninamlima mara ya pili, na safari hii trekta ni mimi.

Nimelala na jambo hili siku tano, Mama Marko. Wale waliolima kaburi hawakuuliza ni la nani. Mimi niliyejua nililitaja jina lake kwenye simu kama bei ya sukari. Wewe tu ndiye uliyemtunza. Kila wingu lilipotanda ulimkumbuka, ukageuza ulimi kwa heshima yake, na hapakuwa na mtu wa kukupongeza. Halafu sisi uliotuacha, tena wasomi, tukakuwekea kifuani neno ambalo hukuwahi kuliweka mdomoni.

Jumamosi nitapanda kaburini na nyundo na patasi. Marko akinuna, anune. Litabaki jina lako na la baba yako. La baba yangu nitaliandika kwenye daftari, ukurasa wa mwisho, peke yake, bila maana yoyote mbele yake. Wajukuu watakaotaka kujua watalikuta. Wasilisome kwa sauti karibu nawe. Hilo nitawaambia mwenyewe, maadamu nina pumzi.

Pumzika, mke wangu. Ningeandika zaidi, lakini maharage yako nimeyaanika uani, na Mlima Hanang hauonekani tena. Zile za juu zinakuja. Acha nikayaanue.

Baba Marko