Ukurasa wa Mwisho wa Bi Nongwa

Kaka yangu Shomari,

Shikamoo. Tangu utotoni ulikuwa ukiniitikia, "Marahaba, mfutaji," nami nikinuna, kwa sababu nilitaka kuitwa mchoraji. Leo ningetoa kila nilicho nacho niitwe mfutaji mara moja tu.

Nakuandikia gazetini, badala ya kuja kukaa kimya penye kaburi lako, kwa sababu ni gazetini nilikokukosea. Aliyemtukana mtu sokoni hana haki ya kwenda kumwomba radhi chumbani. Wasomaji wangu wamenizoea nikiwa na mdomo mrefu. Leo wanivumilie.

Unakumbuka baraza ya nyumba yetu pale Dunda, Bagamoyo? Ulilala kifudifudi juu ya mkeka, karatasi ya manila umeitandika juu ya mfuniko wa sanduku la bati. Ulianza na penseli. Yai la kichwa, mstari mmoja wa mgongo, kisha mikono. Mkono mmoja uliuchora mara tano, mara sita, mistari ikapandana hadi nikaona kama mkono unatembea. Halafu ulichovya kalamu ya nibu kwenye wino mweusi, ukachagua mstari mmoja kati ya yote, ukaufuata bila kupumua. Wino ulipokauka uliugusa kwa mgongo wa kidole cha mwisho, ukanitazama.

"Haya, futa."

Ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kuifuta penseli yote ibaki wino mtupu, na kupuliza vumbi la raba. Na mwiko ulikuwa mmoja: "Usifute mpaka nikwambie." Siku moja nilifanya haraka, nikaburuta wino mbichi usoni mwa Bi Nongwa. Hukunipiga. Lile doa uliligeuza moshi wa jiko. Toleo lile la gazeti watu walilisifia moshi.

Mama alikuwa akipita na mbuzi yake ya kukunia nazi, anatutazama, anatikisa kichwa. "Huyu achora, huyu afuta. Nyumba hii italishwa na nani?" Hakujua kwamba Bi Nongwa, yule mwanamke wa katuni zako anayegombana na soko zima, na diwani, na hata mbuzi wake mwenyewe wa miguu minne, alikuwa ni yeye. Au alijua. Gazeti lilipofika kutoka Dar, alikaa nalo mapajani, akaitazama picha hadi chai ikapoa. "Mwanamke huyu hana adabu," akasema. "Nimempenda."

Kisha nikakua, nikasoma, nikajaa vitabu. Nikajifunza kuidharau penseli. Nilitaka vitu vilivyokwisha: hoja iliyofungwa, kitabu kilichojalidiwa. Na wewe kila nilipokuja ulikuwa unanionyesha karatasi mpya iliyoishia kiunoni. "Hii nitaimalizia," unasema, huku macho yako yanasema imeshatosha.

Ndipo nikaandika ile makala. Niliandika kwamba maradhi ya wasanii wetu si ufukara bali uvivu wa kumaliza, na nikamtaja "bwana mmoja wa pwani mwenye sanduku lililojaa mianzo, naye anaiita sanaa." Sikukutaja jina. Dunda nzima ilikujua. Ulinipigia simu siku ileile.

"Nimejiona, Tatu. Pua umeipatia."

Nilikujibu kwa hoja. Mimi kila mtu humjibu kwa hoja. Ulinisikiliza hadi mwisho, ukaniambia, "Sawa, mdogo wangu," na tangu hapo tukawa watu wa kupeana mikono harusini na misibani. Wifi Zuhura, mkeo, aliponipigia kunieleza kwamba mkono wako umeanza kutetemeka, nilimwambia nitakuja nikimaliza makala niliyokuwa nayo. Nayo niliimaliza, kaka. Nilipofika Dunda ulikuwa umeshafunikwa shuka.

Baada ya arobaini, wifi alinifungulia sanduku. Niliketi sakafuni tangu asubuhi hadi adhuhuri. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, nami nimetembea, nimeingia majumba yenye michoro ya kila taifa. Zilikuwemo kurasa halisi za Bi Nongwa, ambazo gazetini zilitoka ndogo na hafifu. Hapa naona ulipobandika kipande cha karatasi juu ya mdomo usioupenda, ulipopaka rangi nyeupe kuficha kidole cha sita. Naona duara la kikombe cha chai, kwa sababu ofisi iliyochapisha kazi yako ilizifanya kurasa zako kuwa mkeka wa vikombe kabla ya kukurudishia. Na zilikuwemo zile ambazo hazikuisha. Mwanamke anayeinuka, lakini miguu haijaja. Kuku ambaye ni mbio tupu, hana mwili.

Kwetu Bagamoyo wageni hupiga picha milango ya nakshi. Hakuna anayezunguka nyuma ya mlango, ambako mstari wa penseli ya fundi bado upo, pale alipofikiria ua moja akachonga jingine. Wapo wanaosema kilichochapishwa ndicho kazi, na kilichobaki ni takataka. Ni waongo. Ningewataja kwa majina, ila jina la kwanza lingekuwa langu.

Chini kabisa ulikuwepo ukurasa wako wa mwisho. Picha nne. Zile tatu za kwanza umezitia wino, mstari unatetemeka kama nywele kwenye upepo. Ya nne ilikuwa penseli peke yake: Bi Nongwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na ubavuni pake msichana amepiga magoti, ameshika raba. Uso wa msichana ulikuwa nyuso nyingi. Mmoja umenuna, mmoja unacheka, mmoja unatazama juu, zote zimepandana. Na pembeni mwa karatasi kulikuwa na maandishi ya penseli, madogo kama sisimizi wanaoteremka.

Niliyoyafanya baada ya hapo niliyafanya kwa mapenzi, na hilo ndilo linaloniumiza.

Nilitaka kukumalizia. Nilishaongea na mhariri, atauchapa, nami nitaandika dibaji. Nilichukua nibu yako na wino wako. Mkono wangu ulikuwa imara, nikajisifu moyoni. Katika zile nyuso nilichagua ulionuna, kwa kuwa ndio ninaojulikana nao. Wino ulipokauka niliugusa kwa mgongo wa kidole cha mwisho, nikachukua raba. Nikafuta penseli yote, pamoja na ya pembeni, kama nilivyozoea. Tangu zamani maneno ya pembeni yalikuwa maagizo yako kwa nafsi yako: refusha mkono, punguza kivuli. Safari hii sikuyasoma. Nikapuliza vumbi.

Wifi aliingia na sinia la chai. Akautazama ukurasa, akaliweka sinia chini taratibu, akaniuliza.

"Wifi, yale ya pembeni uliyasoma?"

"Yapi?"

"Kaka yako alikaa nayo siku tatu. Nikimwambia pumzika, anasema, 'Niache, hii ni ya mdogo wangu Tatu.'"

Nikaanza kujitetea. Nilisema wino ulikuwa umeshakauka. Hakupandisha sauti.

"Wino ulikuwa wako, wifi. Yeye alikuwa bado hajakwambia ufute."

Nimeshawajibu mawaziri, maprofesa na masheikh. Mbele ya wifi niliubeba ukurasa hadi mlangoni, nikautafuta mwandiko wako kwenye mwanga.

Ukurasa uko nami hapa kwangu Mapinga. Kila asubuhi nauinamisha mlangoni jua likiwa bado chini, kwa sababu penseli huacha mfereji hata ikifutwa, na mkono wako, japo ulitetemeka, ulikandamiza. Nimesoma maneno matatu: "Tatu, uso nimeuacha." Baada ya hapo raba yangu ilipita kwa nguvu, karatasi imekuwa laini kama kitambaa.

Umeuacha nini, kaka? Umeuacha hadi nije? Umeuacha nichague mwenyewe? Au umeuacha kwa sababu miaka ile ya kupeana mikono misibani ilikusahaulisha jinsi uso wangu ulivyo? Wapo walioniambia kompyuta inaweza kubahatisha maneno yaliyobaki. Nimewakatalia. Nilishakumalizia mara moja. Sentensi yako itakaa ilivyo.

Basi nisamehe kwa ile makala, na nisamehe zaidi kwa ule ukurasa. Hautachapwa. Sanduku liko kwa wifi Zuhura, penseli yote imo, kuku hana mwili na mwanamke hana miguu, na anayetaka kuviona aende akavione hivyo hivyo. Mimi nimebaki na raba yako, imekwisha hadi kuwa ndogo kama kunde. Iko juu ya meza yangu ninapoandika haya, na sitaigusa mpaka uniambie.

Mungu akulaze mahali pema, kaka.

Mdogo wako,
mfutaji